Futi Mbili za Bi Elva

Kwa miaka ishirini na sita, mtu yeyote wa mji wetu mdogo wa Burrandeen aliyenyanyua simu alisikia kwanza sauti ya Bi Elva Haddrick. Alikaa posta mbele ya ubao wa kuunganishia simu, spika za sikio kichwani, akichomeka na kuchomoa waya kama mtu anayefuma sweta. Namba hakuzihitaji. Ukimwambia akuunganishe na daktari, alikujibu, "Daktari hayuko kwake, yuko kwa akina Prowse, mtoto wao anaumwa koo. Ngoja nimtafute huko." Na kweli alimpata.

Kazi yake ya pili haikuwa na mshahara wa maana, lakini ndiyo aliyoipenda zaidi. Kila asubuhi saa tatu alitoka nyuma ya posta kusoma chombo cha kupimia mvua, kisha akashuka hadi darajani kusoma kimo cha mto kwenye mbao zenye alama zilizopigiliwa nguzoni. Aliandika yote katika daftari, akapiga simu kwa ofisi ya hali ya hewa, halafu akatuambia sisi wenye mashamba bondeni. Marehemu mumewe, Roley, ndiye aliyeianza kazi hiyo. Alipofariki, Bi Elva aliichukua asubuhi iliyofuata mazishi, na hakukosa hata siku moja.

Mimi ni Alby Quinnell, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Shamba langu liko chini ya daraja. Ninayoyaeleza hapa mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe baadaye, na aliniambia nikitaka kuyasema niyaseme bila kumpaka sukari.

Mwaka sabini na tatu kulikuwa na mabishano nchi nzima. Serikali ilikuwa inaondoa futi na inchi, ratili na wakia, galoni na painti, na kuleta mita, kilo na lita. Huku kwetu watu walilichukulia jambo hilo kama vile serikali imesema wabadilishe majina ya watoto wao. Chama cha wanawake kikaona hapo pana fedha za kutengenezea paa la ukumbi. Wakatangaza mdahalo, kiingilio senti hamsini pamoja na chai na keki: vipimo vya zamani vibaki au viende zake?

Upande wa kubaki aliwekwa Bi Elva. Kila mtu alijua kichwa chake cha hesabu. Upande wa pili hakuna aliyetaka kusimama, mpaka akajitolea Lefteris Vamvakas, Mgiriki mwenye mkahawa mkabala na posta. Alikuwa amekaa nasi miaka kumi na tisa. Alitukaangia nyama na mayai, alituuzia maziwa baridi yaliyokorogwa, na aliwapimia watoto wetu peremende kwa wakia ingawa kwao alilelewa kwa gramu. Tulimwita Lefti. Tulidhani tunampenda.

Usiku ule ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Lefteris alivaa suti ya harusi yake. Alikuja na kisanduku cha bati alichokitengeneza mwenyewe, kila upande sentimita kumi, kwenda juu sentimita kumi, akamimina maji ndani hadi ukingoni.

"Haya maji ni lita moja," alisema. "Ukiyapima uzito, ni kilo moja. Urefu, ujazo, uzito, vyote vinashikana mikono. Hivi vyenu je? Inchi kumi na mbili ni futi, futi tatu ni yadi, yadi ngapi sijui ni maili…"

"Elfu moja mia saba na sitini!" Bi Elva alimrukia. Watu wakashangilia.

Lefteris alitabasamu. Alikuwa ameuandaa mtego. "Vizuri, Bi Haddrick. Basi tuambie, ekari moja ina inchi ngapi za mraba?"

Bi Elva alitazama juu kidogo, kama mtu anayesoma kitu darini. "Milioni sita, laki mbili na sabini na mbili elfu, mia sita na arobaini," alisema. Mwalimu wa shule alikuwa na penseli na karatasi. Alihangaika nayo, kisha akanyanyua mkono kukubali kwamba ni sawa.

Kelele zilizopigwa pale sijawahi kuzisikia tena, hata timu yetu ilipochukua kombe. Angeishia hapo angekuwa ameshinda kwa heshima zote. Lakini kelele ni kama pombe. Bi Elva alimgeukia Lefteris, mkono kiunoni.

"Na mimi nikuulize moja, Lefti. Kama hizo mita zenu ni tamu hivyo, mbona ulizikimbia ukaja kula kwenye futi zetu?"

Watu walicheka hadi wakalia. Nilicheka na mimi. Fotini, mkewe Lefteris, aliyekuwa amekaa safu ya mbele na sinia ya vileja alivyooka mwenyewe, hakufahamu maneno yote, akacheka nasi kwa adabu. Lefteris alikichukua kisanduku chake, akatafuta mahali pa kumwaga maji, akakosa, akatoka nacho nje akikibeba kwa mikono miwili ili yasimwagike sakafuni.

Januari ikaingia. Ofisi ya hali ya hewa ikaleta mbao mpya za mita na karatasi ya kubadilishia vipimo. Bi Elva mbao alizipokea, akazisimamisha nyuma ya mlango wa stoo. Karatasi aliikunja akaizuilia dirisha lililokuwa likigonga kwa upepo.

Juu ya mto, mwendo wa saa mbili kwa gari, kulikuwa na kituo cha Yarrool. Pale alifanya kazi binti wa miaka ishirini na miwili, Glenda Stroud, aliyepokea habari za mto kutoka milimani na kuzipitisha kwetu wa chini. Wiki za kwanza za mwaka huo maongezi yao yalikuwa hivi:

"Mita moja na nusu, Bi Haddrick."

"Mita ndiyo mnyama gani? Nipe futi, mwanangu."

"Nimeagizwa mita, mama."

"Waliokuagiza hawaishi kando ya mto. Futi."

Karatasi zikapekuliwa. "Haya, mama. Karibu futi tano."

Ikawa ndiyo desturi yao. Binti alichoka kubishana, akawa anambadilishia Bi Elva kabla hata hajaulizwa. Bi Elva alitusimulia hayo kwa fahari. "Nimemnyoosha yule," alisema.

Mwishoni mwa Januari mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Siku ya tisa ilikuwa Jumanne. Saa tisa na nusu alasiri simu ya Yarrool iliita, na laini ilikuwa mbovu, inakwaruza kama kikaango. Glenda alikuwa anaongea mbio.

"Bi Haddrick, milimani kumeharibika. Mto wenu utaongezeka mbili juu ya ulipo sasa. Mpaka alfajiri."

"Mbili?"

Binti alisema neno jingine, laini ikakwaruza, akasema, "Nina vituo kumi na nane vya kupigia, mama, samahani," akakata.

Bi Elva aliandika katika daftari: saa 9.30 alasiri, futi 2. Kisha akaanza kuchomeka waya zake, akatupigia mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa nne.

"Alby, mbili kufikia alfajiri."

"Basi si mbaya," nilimwambia. "Nitawapandisha kwenye kimwinuko cha katikati."

"Wapandishe tu, watakuwa salama."

Sikuuliza mbili za nini. Kwetu mbili ilikuwa futi mbili. Nilikuwa na ng'ombe thelathini na mmoja wa kukamuliwa. Niliwapeleka kwenye kimwinuko kilichozidi uwanda kwa futi nne, nikafunga lango, nikaenda kula.

Aliyeuliza alikuwa Lefteris. Alivuka barabara na aproni yake, mvua inampiga, akaingia posta. Kulikuwa na watu watatu kwenye foleni.

"Bi Haddrick, wanasema mbili. Mbili nini?"

"Mbili ndizi!" alisema Bi Elva, na foleni ikacheka. "Futi, Lefti. Futi. Au nikupimie kwa kijiko cha chai?"

Lefteris alisimama kidogo akimtazama. Halafu akasema, "Ahsante," akarudi kwake. Alipandisha magunia ya unga na sukari juu ya meza, akatia matofali chini ya majokofu, akafunga duka.

Maji yalikuja kabla ya mapambazuko, na yalikuwa mita mbili. Zaidi ya futi sita na nusu.

Kulipokucha nilitoka na mashua ya jirani. Lango nililolifunga kwa mkono wangu halikuonekana. Ng'ombe sita niliwakuta kwenye tuta la reli, wanatetemeka, hawataki kuguswa. Wale ishirini na watano niliwapata siku nne baadaye, wengi wao kwenye kona ya uzio wa waya karibu na lango, wamebanana. Nilikuwa nawajua wote kwa majina. Sitasema zaidi hapo.

Mkahawa wa Lefteris ulijaa maji hadi juu ya rafu. Yeye na Fotini walikuwa wamelala ghorofani. Fotini alisikia vitu vikigongana chini, akashuka kuokoa sanduku la mashuka aliyotarizi akiwa msichana. Ngazi ilikuwa tayari inateleza kwa tope. Alianguka, akavunjika nyonga. Mumewe alimvuta juu, akamshika pale kwenye paa la baraza mpaka mashua ikafika. Alikaa hospitali ya mji mkubwa miezi miwili, na tangu siku hiyo alitembea kwa mkongojo.

Katibu wa halmashauri alikuja kuuliza kilichotokea. Bi Elva alimpa daftari lake.

"Yule binti wa Yarrool alisemaje?" katibu aliuliza.

"Alisema mbili," alijibu Bi Elva.

Hilo lilikuwa kweli. Katibu aliliandika, na kutoka hapo mambo yakatembea yenyewe. Glenda alipoulizwa aliapa kwamba alisema mita. Nani amwamini? Binti mdogo, ofisi ina haraka, laini mbovu, na kwa wiki tatu mfululizo amekuwa akitoa futi. Mji mzima ulimgeukia. Watu walimwandikia barua za matusi. Mwenye duka la vifaa vya shamba alimpigia simu, tena kupitia ubao wa Bi Elva, akamwambia ana damu ya ng'ombe mikononi. Bi Elva aliisikia simu hiyo toka mwanzo hadi mwisho, waya akiwa ameushika yeye.

Na kwake watu walileta keki. "Pole, Bi Elva, wewe ungejuaje?" Alizipokea, akazipanga mezani, hakula hata moja. Alinieleza kwamba wiki hizo alikuwa akipita barabarani akiwa amejiinamia, na watu wakadhani ni huzuni ya msiba wa mji, wakamheshimu zaidi. Kila walipomheshimu alitamani ardhi immeze.

Kwa sababu neno alilisikia. Ndiyo siri aliyokuwa nayo. Katikati ya kukwaruza kule alisikia "mita". Si kwa uwazi, lakini alisikia.

"Nililisikia, Alby," aliniambia. "Nikaliacha lipite. Nilijiambia mto hauwezi kupanda futi sita, mimi naujua mto huu. Na nilijiambia pia, sasa nimwulize tena huyu mtoto, nimwombe anieleze mita zake? Baada ya yote niliyosema ukumbini? Kalamu ikaandika futi. Sikuikosea. Niliiachia."

Wiki ya nne alivuka barabara kwenda kwa Lefteris. Alimkuta peke yake akikwangua tope kwenye kaunta kwa kisu cha siagi, maana vifaa vingine vilikuwa vimekwenda na maji. Bi Elva alisimama mlangoni. Hakujua aanzie wapi, akaanza katikati.

"Alisema mita, Lefteris."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake zima. Lefteris hakugeuka.

"Najua," alisema.

"Unajuaje?"

"Nilikuwa nimetoka darajani. Niliuona mto. Mto wa namna ile haupandi futi mbili. Ndiyo maana nikaja kukuuliza." Aliweka kisu chini. "Uliponijibu, uso wako haukuwa na uhakika. Nilikuona, bwana. Nilijua."

"Sasa mbona hukusema?"

Hapo ndipo alipogeuka. Bi Elva alisema alitegemea kuona hasira, na hasira angeiweza.

"Kulikuwa na watu watatu kwenye foleni," Lefteris alisema. "Wameshacheka. Nikafikiri, nikisema ni mita watacheka tena. Mgiriki na mita zake. Nikarudi nikatia matofali. Matofali, Bi Haddrick! Nikapanda kulala na mke wangu huku najua." Alifunika macho kwa mkono wenye tope. "Fotini ananiuliza kila siku hospitali, ilikuwaje hatukuambiwa? Sijampa jibu."

Walisimama pale kila mmoja upande wake wa kaunta. Hakuna aliyemtuliza mwenzake. Bi Elva alitaka kusema samahani, akaona neno lenyewe ni dogo kama peremende, akaona haya kulitoa. Mwishowe alichukua kijiko kilichokuwa sakafuni akaanza kukwangua upande wa pili. Walikwangua hadi jioni.

Ijumaa iliyofuata halmashauri ilikutana ukumbini, sisi wenye hasara tukiwa tumealikwa. Sakafu ilikuwa bado imevimba kwa maji. Bi Elva aliomba kusimama. Alisema yote, tangu zile wiki tatu za kumlazimisha binti atoe futi, hadi neno alilolisikia akaliacha. Hakumtaja Lefteris. Alisema, "Glenda Stroud alisema kweli. Aliyewaambia uongo ni mimi."

Nadhani alikuja tayari kupigwa mawe. Lakini wapi! Mtu wa nyuma akasema, "Hata mimi ningekosea, Bi Elva, hizo mita ni za kishetani." Mwingine akaitikia, "Hapo wa kulaumiwa ni serikali. Zingebaki futi, haya yangetokea?" Watu wakapiga makofi. Yaani walimpigia makofi. Mwenyekiti alisema mji haujasahau utumishi wake wa miaka yote. Mwenye duka la vifaa vya shamba, aliyemtukana binti kwenye simu, alimkumbatia.

Nilimwona Bi Elva akiwa katika kumbatio hilo. Mikono yake ilining'inia. Alikuwa mwekundu kuanzia shingoni hadi kwenye mizizi ya nywele, na macho yake yalikuwa yakizunguka ukumbini yakitafuta mtu mmoja, yeyote, asiyepiga makofi.

Nilimfuata nje. Sijivunii nilivyosema, wala sijutii.

"Bi Elva," nilimwambia, "wale wa ndani hawakupoteza ng'ombe. Mimi nilipoteza ishirini na watano. Walikuja kwenye lango, na lango nililifunga kwa sababu uliniambia watakuwa salama. Nimekukasirikia, na sijui nitaacha lini."

Alinishika mkono kwa nguvu, kama mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikidai.

"Ahsante, Alby," alisema. "Ahsante sana."

Kazi ya mto aliiacha mwenyewe. Mbao za mita alizitoa nyuma ya mlango wa stoo, akamkabidhi mwalimu wa shule, akasimama darajani mpaka zilipopigiliwa. Kwenye ubao wa simu aliendelea miaka miwili zaidi, hadi simu za kujipigia zilipofika, lakini habari za watu hakuzitoa tena. Ukimwuliza daktari yuko wapi, alisema, "Nitajaribu kwake."

Lefteris na Fotini walifungua tena mkahawa mwezi wa sita. Nilikwenda kula pale siku ya kwanza. Nilitaka kumwambia kwamba usiku ule wa mdahalo nilicheka na mimi, lakini aliponiletea sahani nilimwuliza tu habari za nyonga ya mkewe, akanijibu inaendelea vizuri, tukaachia hapo. Sijamwambia hadi leo.

Kuhusu Glenda: Bi Elva alipanda basi kwenda Yarrool Jumatatu baada ya mkutano. Alikuta kiti kina mtu mwingine. Binti alikuwa ameacha kazi siku kumi kabla, amehamia Sydney, na waliobaki hawakujua anakoishi au hawakutaka kusema. Bi Elva aliacha barua kwa mama yake. Akaandika nyingine mwaka uliofuata. Aliniambia habari hizo tukiwa barazani kwangu, tukimenya njegere, miaka minne baada ya mafuriko, wakati hasira yangu ilipokuwa imepungua kiasi cha kumkaribisha.

"Hajajibu hata moja?" nilimwuliza.

"Hajajibu."

"Labda barua hazikumfika."

"Zilimfika," alisema Bi Elva. "Mama yake aliniambia. Alizisoma." Akachukua maganda yaliyokuwa mapajani, akayamwaga kwenye ndoo. "Anayo haki, Alby. Usinitafutie njia ya kukwepa."

Tukaendelea kumenya.